Mstari Mmoja Wazi

Miaka mitano nilimwandika Ansgari Likwembe.
Si kwa chuki. Wala si kwa mapenzi.
Nilimpa kura, nikataka risiti.

Daftari la kaunta, kwaya mbili,
redio ya betri juu ya pipa tupu,
kalamu nimeifunga uzi kwenye msumari
wanunuzi wa sukari wasije wakaondoka nayo.

Aprili, mwaka wa kwanza: aliuliza kuhusu maji.
Akajibiwa, mchakato unaendelea.
Akauliza swali la nyongeza.
Mchakato ukaendelea.
Siku hiyo ndoo moja hapa Kitangari
ilikuwa shilingi mia tano; niliandika pembeni.

"Naunga mkono hoja": mara arobaini na moja.
Makofi: mara sita.
Kutosikika kabisa: tangu Mei ya mwaka wa tatu
hadi mabibo yalipoanza kunuka mashambani.
Mume wangu akasema, Somoe, unamhesabia mtu pumzi!
Nikamwambia, pumzi zenyewe zetu, tulimkopesha.

Kisha kura za maoni zikamtema.
Nikaanza kuchana kurasa tupu za nyuma,
za kufungia karanga.

Jana nimemkuta ghalani, foleni ya mizani,
magunia manne, viatu vya mpira, vumbi jekundu hadi magotini.
Akanisalimia bila kunijua.
Nikamwambia: Juni kumi na tisa, mwaka wa nne, jioni,
ulisimama ukasema,
"Mheshimiwa Spika, na la mwisho, watu wangu wa kule juu Newala..."
kengele ya pili ikalia, wakakuzimia kipaza sauti.
Nimeacha mstari mmoja wazi.
Watu wako wa kule juu, nini?

Akavua kofia.
"Nilisema hivyo?"
Ulisema.
"Na wewe ulikuwa wapi?"
Dukani. Napima mafuta ya taa.

Karani akaita Likwembe, Likwembe,
mara mbili, bila mheshimiwa,
akamkata kilo moja kila gunia
kama anavyotukata sisi.
Yule aliyewahi kusema dakika kumi juu ya mizani ya korosho
(ukurasa wa thelathini, ninao)
akatia saini, hakusema kitu.

Alipofika mlangoni akageuka.
"Sikumbuki, mama. Kweli sikumbuki.
Andika tu, maji."

Nimeandika.
Neno moja.
Mstari uliobaki ni mrefu.