Mtu wa Milima

Saa kumi za usiku Kosta ya kukodi ilikoroma nje ya bweni
na Somoe Nandonde, katibu wa Klabu ya Wapanda Miamba,
akaita majina kwa mwanga wa simu.
Alipofika langu alisita, kama kila mara:
"Ndayi... Ndayi nani? Basi, Mtu wa Milima! Yupo?"
Nipo.

Nilijitakia mwenyewe. Wiki ya kwanza chuoni Mtwara
waliponiuliza Burundi kukoje
nilisema milima mitupu, hata uwanja wa mpira umeinama.
Wakacheka, wakaniandika kwenye klabu bila ada.
Sikuwaambia kwamba mlima wa kwetu ni shamba,
unaupanda na jembe begani,
njiani unakutana na migomba, mbuzi, na shangazi yako,
na hakuna aliyewahi kuuita mchezo.

Mingoyo tulipita tumelala. Ndanda tuliamka,
tukanunua ming'oko ya moto, pilipili na ndimu,
wakanifundisha kuimenya, nikaungua vidole.
Halafu Masasi, na ile miamba.

Kwetu milima imeshikana mikono,
huwezi kusema huu umeishia wapi, ule umeanzia wapi.
Hapa kila mlima umekaa peke yake kwenye tambarare,
mweusi, umewapa wenzake mgongo,
kama ndugu waliogombana zamani:
sababu wamesahau,
kununa hawajasahau.

Bwana Mchopa, aliyetuongoza, hakubeba kamba.
Alivaa kandambili.
Tulipita mikorosho, mabibo yameanguka yananuka ulevi,
kisha nyasi za kukwaruza magoti,
kisha jiwe. Jiwe tu.

Hapo ndipo nilipokwama.
Katikati ya mgongo wa mwamba viatu vyangu vya mtumba
(muuzaji aliapa ni vya mlimani, vimetoka Ulaya)
vilianza kuteleza taratibu, kama vina safari yao.
Nikalala kifudifudi. Shavu likaungua.
Chini kule mabati ya Masasi yalikuwa yananikonyeza.
"Mtu wa Milima!" mtu aliita kutoka juu.
Sikujibu.

Aliyenishukia ni Somoe, mzaliwa wa Shangani,
ambaye mlima wa utotoni mwake ni ngazi za ghorofa moja.
Hakuniuliza kitu. Aliketi kando yangu,
akafungua kamba za kiatu cha kushoto, halafu cha kulia,
akavifunga pamoja, akavitundika shingoni mwake.
"Nyayo zina macho," alisema. "Ziache zione."

Jiwe lilikuwa la moto, lina chembechembe.
Lilinishika kama ulimi wa ng'ombe.

Juu, upepo, na maji ya chupa yaliyopata joto.
Walinionyesha ukungu upande wa kusini,
wakasema huko ndiko Ruvuma, nikaamini.
Nikauliza, na Burundi?
Wakabishana. Mmoja alinyoosha kidole kaskazini, mwingine magharibi,
Bwana Mchopa akalitazama jua, akaelekeza kidevu
mahali ambapo hapakuwa na kitu
ila mwamba mwingine, peke yake.
Nilipapiga picha.

Ndipo mtandao uliposhika. Ujumbe wa mama, wa juzi,
neno moja la Kirundi: umekula?
Nikamwandikia: nimekula. Niko juu ya mlima.
Jibu lilirudi upesi, kama aliyekuwa ameishika simu muda wote:
mlima upi huko pwani? Wanalima nini?

Niliwatafsiria. Somoe alicheka mpaka akakaa chini.
"Mwambie mijusi!"
Nilitazama huku na huku kwenye lile jiwe,
nikitafuta kwa dhati kitu cha kumwambia.
Nikaandika: hawalimi, mama. Tumepanda tu. Sasa tunashuka.
Kimya.
Najua anamsomea jirani.

Usiku, karibu na Mikindani, mapaja yalikuwa yakitetemeka yenyewe.
Basi zima limelala. Simu ikawaka:
mshuke polepole.
Tulikuwa tumeshashuka siku nyingi.
Viatu vyangu bado viko shingoni mwa Somoe,
vinagongana kila tukipita tuta,
na mimi, miguu mitupu juu ya bati la basi,
sijavidai.