Anayekosea Asikae

Wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa
chaki ilibaki kipande kama jino la mtoto,
na darasa la sita B, hapa Ndosho,
wanafunzi sabini na wawili chini ya mabati yanayopika vichwa,
walikuwa wamenichoka.
Nami, niseme kweli, nilikuwa nimejichoka.

Nikawatoa nje.
Juu ya jiwe jeusi lililoshuka mlimani likiwa moto
mwaka ule mama zao walipokuwa bado wasichana,
tukachora kwa chokaa miraba kumi na miwili,
kila mraba na swali lake:
saba mara nane;
mto unaotoka Kivu kwenda Tanganyika;
kitenzi cha Kifaransa kisichopenda kufuata wenzake.
Ukijua, ruka. Ukikosa, toka, kaa pale kwenye jiwe.

Kelele! Hata wenye chukudu walisimama,
mmoja na mzigo wake wa kabeji akapaza sauti,
"Hamsini na sita!"
tukamfukuza kwa kicheko.
Nilijiona mwalimu hodari. Nilitembea kifua mbele
siku mbili nzima.

Siku ya tatu, Kavugho, binti wa muuza makala,
alikuwa amekaa tangu swali la kwanza.
Kama jana. Kama juzi.
Sketi yake ilishika vumbi jeusi, umbo la jiwe lile lile.
Akanyoosha kidole:
"Mwalimu, anayejua anaruka,
anazidi kujua.
Asiyejua anakaa.
Sasa mimi nitajua lini?"

Upepo wa ziwa ulipita, ukafuta nusu ya mraba wa nne.
Nilimtazama Tumsifu, bingwa wetu, mguu mmoja hewani,
akingoja nimpigie makofi
kwa jambo alilolijua tangu mwaka jana.

"Basi toa sheria wewe," nikasema, nusu kwa hasira.
Akafikiri, akipangusa sketi.
"Anayekosea asikae.
Alibebe swali lake,
atafute mwenye jibu, arudi nalo,
amwulize anayefuata.
Kama deni pale soko la Virunga, Mwalimu:
linazunguka mpaka linalipwa."

Jiwe likabaki tupu. Mjusi akalipata kuota jua.
Saba mara nane ilipita kwa watu tisa,
ikachakaa, ikalainika kama noti ya zamani,
hata Byamungu mwenye kigugumizi
akaitoa yote bila kukwama.

Siku ya mtihani sikuruhusiwa kuingia.
Wasimamizi wageni. Viatu vilivyong'arishwa kwa mafuta ya kupikia.
Kimya cha kumkausha mtu mate.
Mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto,
na kutoka uani sikuona nyuso,
niliona miguu chini ya madawati:
kisigino kinapanda, kinashuka,
mguu mmoja, miwili, mmoja tena.
Msimamizi alidhani ni hofu.

Kavugho akasita ukingoni mwa mraba wa tano
(ni wa tano, nilihesabu),
kidole gumba hewani,
muda mrefu,
kisha
akaruka.

Matokeo bado.
Mvua imefuta chokaa, na mshahara wa chokaa nyingine sina.
Lakini asubuhi hii nimekuta darasa la tano
wamemfukuza mjusi,
wamelisukuma jiwe hadi katikati ya uwanja,
na wanabishana kwa nguvu
ni swali gani liandikwe juu yake.