Uzi Kwenye Kibiriti

Usiku wa Alhamisi, umeme umekatika Bugarika yote,
nilimpima kiganja akiwa amelala.
Uzi mweusi, ule ninaoshonea viatu vya watu,
kutoka shina la gumba hadi ncha ya kidole cha shahada,
kisha nikauzungusha pale ngumi inapofumbwa.
Akageuka, akasema "pilau," akalala tena.
Nikapiga mafundo mawili,
nikauficha ndani ya kibiriti.

Chanda chema huvikwa pete.
Cha Nyangeta kilivikwa, mbele ya padri na shangazi zake wote;
ikakaa miezi minne.
Siku msumeno ulipoionja
aliivua, akaitundika msumarini juu ya ndoo ya maji,
na pale ipo mpaka leo, safi kuliko sisi.

Yeye hutengeneza vitanda. Meza. Kabati la mwalimu wa Nyakato
lililopita mlangoni kwa sentimita moja na dua.
Na matundu yote hayo, tangu tuoane,
huyatoboa kwa keekee ya mkono aliyoachiwa na babake,
kifua kimeelemea kitako cha mti,
mkono unazungusha, unazungusha, unazungusha,
hata jioni hawezi kufungua chupa ya chai.
Namfungulia mimi.
Sijawahi kumzidi mtu nguvu maishani
ila saa hiyo.

Jumamosi nikashuka Makoroboi.
"Unajenga, mzee?" akauliza Sospeter wa dukani.
"Ya mke wangu."
Akacheka kwa adabu, akaelekea rafu ya blenda.
"Keekee," nikasema. "Ya betri.
Kwetu umeme ni mgeni asiyebisha hodi wala kuaga."

Akapanga tatu juu ya kioo.
Ya kijani, nzito kama mtoto anayekataa kubebwa.
Ya njano, yenye jina kubwa, na bei
iliyonifanya nitazame nje, juu kilimani,
mawe yalivyopandana bila gundi wala msumari
na hakuna aliyeyadai hela.
Ya tatu ya buluu, boksi limebonyea pembeni.
Nikatoa kibiriti. Nikaufunga uzi kwenye mpini wa kwanza,
wa pili.
Mteja mwenye kilo ya misumari akanong'ona:
"Huyu naye anapima nini?"
"Pete," akajibu Sospeter, na hakucheka tena.

Buluu ilikubali. Fundo likakutana na fundo.
Nikahesabu noti: soli za wanafunzi, visigino vya wasimamizi wa harusi,
buti moja la mlinzi ambalo hajalirudia.

Nyumbani hakulifungua boksi kama zawadi.
Alilifungua kama muuguzi afunguavyo bandeji, polepole, akinusa.
Akakamata mpini. Akabonyeza.
Ikanguruma, kuku wa jirani wakahama ukuta.
Nikasubiri. Nilikuwa nimejiandalia maneno
tangu Alhamisi.
"Mabiti yako wapi?"
Sikuelewa.
"Mume wangu," akasema, "umeninunulia bunduki
ukasahau risasi."
Akacheka hadi akakalia mbao zenyewe,
randa mapajani, maranda kichwani,
nami nikacheka, ingawa kidogo iliniuma.

Jumatatu tukashuka wawili.
Sospeter alimtazama mkono kabla ya uso.
Mabiti ya mbao akapewa kwa bei aliyoitaja yeye,
na ya zege moja, ya nyongeza,
maana nyumba yetu upande mmoja ukuta ni jiwe lenyewe
na picha ya harusi imesimama sakafuni miaka sita.

Jioni ile, matundu ya kitanda kizima kabla ya magharibi.
Vidole vyake vilikuwa vyepesi, niliviona,
vikichezea kifuniko cha chupa ya chai, vikikizungusha
nusu, vikikirudisha.
Kisha akanisogezea.
"Nifungulie," akasema.
Nikafungua.