Mbili Juu ya Saba

El Alto, Jumanne, saa kumi kasoro,
chumba kilicho juu ya duka la matairi.
Harufu ya mpira inapanda ngazi pamoja nasi
na baridi haisubiri kukaribishwa.
Viti kumi na vinne, watoto tisa,
mimi, na cheti ambacho bado sijakipata.

Mama huniuliza, akimenya viazi,
"Na hapo wanakulipa nini?"
Namwambia nauli ni yangu, chaki ni yangu,
koo linalokauka pia ni langu.
Anaendelea kumenya. Ganda linateremka refu, halikatiki:
ndivyo anavyonyamaza akiwa na la kusema.

Chuoni Mwalimu Apaza alitufundisha kungoja.
"Ukishauliza swali, funga mdomo, hesabu hadi saba.
Wengi wenu mtafika tatu
mjijibu wenyewe, mkidhani mmefundisha."
Niliandika: saba. Nikaipigia mstari.
Nilipata alama nzuri sana katika kungoja kwa maandishi.

Kisha Yoselin Huanca, miaka kumi na mmoja, golikipa,
magoti yamechubuka, glavu mfukoni,
akasimama mbele ya ubao:
moja juu ya tatu, jumlisha moja juu ya nne.
Dirishani vigari vya waya vilikuwa vikiteremka kuelekea La Paz,
vyekundu, kimoja nyuma ya kingine.
Nikahesabu hivyo. Vikapita saba.
Nikauma ulimi. Tisa. Kumi na kimoja.

"Mbili juu ya saba," akasema.

Kosa hilo tunalijua. Lina ukurasa wake katika mwongozo
na dawa yake ya hatua nne:
asili zikitofautiana, tafuta kwanza asili ya pamoja.
Nilikwisha inua chaki.
"Lakini mwalimu, Jumamosi walinipigia mashuti matatu,
nikadaka moja.
Jumapili manne, nikadaka moja.
Si nimedaka mawili kati ya saba?
Yale mengine yaliingia. Nayajua yote."

Sasa wao ndio waliokuwa wakiningoja mimi.
Vilipita vingapi, sijui, sikutazama dirishani.
Nilikuwa na jibu la ubao.
La goli sikuwa nalo.
"Sijui," nikasema. "Nipe mpaka Alhamisi."
Kule nyuma Wilmer akaacha kupiga teke kiti,
akanitazama kama mtu aliyedondosha kitu
na hataki kukiokota.

Usiku, fomu ya chuo mezani.
*Makosa ya mwanafunzi.* Kisanduku kidogo.
*Hatua ulizochukua.* Kikubwa.
Nikauchukua mkate, nikaweka kisu juu yake,
theluthi, nikakiondoa, robo, nikakirudisha,
nikibwabwaja peke yangu.
"Theluthi ya mkate upi?" Mama akauliza toka jikoni.
"Maana uliopo ni huo mmoja,
na ni wa kesho asubuhi."

Nikabaki nimeshika kisu.
Ya mkate upi.
Theluthi yake ilikuwa ya Jumamosi, robo ya Jumapili,
nami nilitaka kumlisha zote kutoka mkate mmoja
bila kumwambia.

Alhamisi ilinyesha mvua ya mawe.
Walikuja watano, Yoselin hakuwamo.
Nikafundisha kuzidisha huku nikichungulia ngazi,
mkate mezani ndani ya kitambaa, umekatwa
mahali pawili ambapo havilingani vipande.
Kumi na mbili kasoro robo, watoto wakifunga mikoba,
akaingia, matope mpaka kiunoni,
glavu bado mikononi.
"Umepata?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Marefu, ya kupendeza,
Mwalimu Apaza angetikisa kichwa kwa kuridhika.
Nikafungua kitambaa.
"Theluthi ya nini?" nikamuuliza. "Robo ya nini?"
Nikafunga mdomo.

Nje vigari vilikuwa vimewasha taa.
Kimoja. Viwili.
Akavua glavu moja, kidole kwa kidole.
Vitatu. Vinne.
Wilmer ameshaila robo.
Vitano.
Sikusema neno.