Yai la Tatu

Jumatatu feri haikuja. Jumanne haikuja.
Jumatano redio ikasema barafu imeuziba mlango wa bandari
kutoka mwamba hadi mwamba, unene wa kimo cha mtu,
na nahodha amerudi zake kulala.
Hivyo ndivyo Machi ilivyo kisiwani kwetu, pembeni mwa Newfoundland.
Dukani kwa Pardy rafu ya mayai ilibaki na bei tu.

Na Alhamisi Rhoda anatimiza miaka minane.
Keshaalika shule nzima, yaani watoto kumi na mmoja.

Nikaitoa kadi ya marehemu mama, Drusilla,
kwenye kopo la biskuti chini ya vifungo na funguo zisizo na kufuli.
Kadi imekakamaa kwa madoa ya unga wa miaka.
Keki za vikombe, kumi na mbili.
Siagi robo. Mayai matatu. Mtindi kikombe kimoja.
Mimi nilikuwa na unga. Nilikuwa na sukari kidogo,
na kisirani kingi.

Wahenga walisema akosaye la mama hata la mbwa huamwa.
Wahenga hawakualikwa na Rhoda.

Basi: maziwa ya kopo, nikayatia siki kijiko,
nikayatazama yakikunja uso, nikayaita mtindi.
Siagi ikawa majarini ya ndoo.
Yai la kwanza likawa tofaa lililochemshwa na kupondwa.
La pili likawa magadi na siki kwa pamoja,
yakafoka kama Anko Selby akiulizwa habari za kodi.
La tatu sikulipatia mbadala.
Yai la tatu nililiomba radhi.

Sukari ikaisha katikati; nikamimina molasi,
na mchanganyiko ukageuka rangi ya buti zangu za kiwandani.
Bati langu lina matundu sita.
Sita nyingine niliziokea kwenye vikombe vya chai,
vile vya harusi ya mama, vyenye mawaridi.
Nilisali vikombe visipasuke.
Kimoja kilipasuka.

Nikingoja oveni, nikaigeuza kadi.
Nyuma, kwa penseli, mwandiko wa mama unaoinama kama mvua ya upepo:
*1961. Feri hakuna. Weka tofaa.*
*1968. Siagi hakuna, wala hatukuikumbuka.*
*1974. Maziwa ya kopo na siki. Wamemaliza zote.*
Na chini kabisa, kwa wino uliofifia, mkono wa bibi:
*La mbele nimelinakili gazetini. Sijawahi kulipika.*

Nikakaa kitini. Nilicheka peke yangu
hadi paka akaondoka.

Keki zilitoka zimebonyea katikati, kama mito iliyolaliwa.
Kila bonde nikalijaza jamu
ya vitunda vyekundu tulivyochuma Septemba kilimani.
Watoto kumi na mmoja na mwenye siku yake:
hakuna aliyeuliza habari za mayai.
Mkono mtupu haulambwi, lakini mtoto wa Pardy
aliulamba wake hadi kifundo, kisha akaanza kikombe.

Jumamosi ikaja meli ya kuvunja barafu, na feri nyuma yake,
mnyenyekevu, kama mtu aliyechelewa msibani.
Nikanunua mayai. Nikanunua siagi ya karatasi ya dhahabu,
na mtindi wenye ng'ombe anayetabasamu.
Jumapili nikafuata upande wa mbele wa kadi neno kwa neno,
unga nikausawazisha kwa mgongo wa kisu.
Zikaumuka zote, laini, za manjano, sawasawa
kama watoto wa picha ya shule.

Rhoda akauma. Akatafuna polepole,
kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua.
"Nzuri," akasema. Akameza.
"Ila Baba, umesahau kutia nini?"

Nikachukua penseli.
Nyuma ya kadi hapakuwa na nafasi tena;
nikaandika ukingoni, kwa herufi za kujibana:
*La tatu si lazima.*