Ukumbini Lanet, Jumamosi

Nilikwenda kumzomea.
Ndugu yangu yuko mpakani, mwezi wa saba huu,
na Bi Taprandich, mama wa kesi za maji na mashamba,
ana lipi na bunduki?

Hakuanza na vita.
Alifungua daftari la deni la duka la Kariuki:
unga, sabuni, maziwa ya mtoto, unga tena.
Akasoma polepole, kama anayeita majina hospitalini.
Tukacheka. Nani halijui daftari lile?

Kisha akauliza bei ya risasi moja.
Kimya.
Akamtazama Okumbe, sajini mstaafu, kule nyuma,
mguu wa bandia ameunyoosha kwenye ujia.
"Wewe unajua. Tutajie."
Akataja.
Mtu akapiga hesabu kwa vidole, akaacha.

Nilingoja aseme "nyinyi",
nipate pa kumrukia.
Akasema "sisi":
sisi tuliopiga vigelegele malori yakiondoka,
mimi mbele, na leso yangu ya manjano.
Mtu aliyekwisha kujishtaki
utamshtaki kwa lipi?

Neno alilolirudia lilikuwa moja, "warudi".
Mara ya tatu halikuwa lake.
Lilitoka kwa wake wa askari, safu ya dirishani,
likapita kinywani mwangu bila kubisha hodi.

Nje, vumbi, na barabara ya Nairobi inanguruma.
Vita sijui vitakwisha lini.
Firimbi ya kuzomea niliiazima kwa mtoto wa ndugu yangu.
Nimemrudishia.
Ameipuliza hadi usiku,
wala sikumkataza.