Daftari la Semliki

Baba aliandika kwa Kiswahili cha kambi,
kwa kalamu ya risasi iliyotafunwa mkiani,
kwa kuwa bwana wa utafiti hakujua Kitooro
na Kiingereza cha baba kiliishia kwenye salamu.

Saa kumi na mbili na robo. Umande.
Sunu madume tisa uwanjani,
kila mmoja na duara lake la nyasi zilizolala.
Majike kumi na wanne wamefika.
Na mstari wa chini yake, mwandiko uleule:
Jike amempanda jike. Mara tatu. Dume anatazama.
Kisha: Mvua kidogo upande wa Rwenzori.

Basi. Kati ya umande na mvua.
Hakuweka alama ya mshangao.
Miaka kumi na mmoja, madaftari saba,
na mstari ule ukirudi kama kupe:
jike na jike, mwezi wa tatu;
jike na jike, wiki ya Krismasi,
pembeni doa la chai.

Jumapili moja, Karugutu, kanisa la mabati,
mhubiri Rwaheru alipiga meza hadi glasi ikalia:
"Hata mbwa! Hata kuku! Hata mnyama wa porini
haujui uchafu huu!"
Amina ikapanda hadi kwenye popo wa darini.
Nilimgeukia baba. Alikuwa akikagua kucha zake
kama shahidi ambaye mahakama imesahau kumwita.
Kati yetu, kwenye benchi,
nafasi ya upana wa mtu mmoja:
kaka yangu Kaijamurubi, empaako yake Araali,
aliyepanda basi la usiku kwenda asikotuambia
baada ya mlango wake kuandikwa kwa mkaa.

Jioni, nikichambua maharage, nikamwuliza:
Mbona hukusema?
"Niseme nini, Atwooki?
Nikisema wapo, nimewahesabu,
watasema: Si mnaona? Tabia za wanyama!
Asubuhi mnyama ni mwalimu,
jioni mnyama ni tusi.
Kwenye mizani ya namna hiyo
mimi sipimi kakao yangu."

Akanyamaza. Jiwe moja likalia ndani ya ungo.
"Na Ishasha nilimwona simba dume
akiua watoto wa dume mwenzake, mmoja mmoja.
Hiyo nayo ni asili.
Nani alishuka mlimani akaja kutuhubiria hiyo?"

Kwa hiyo, mnaouliza kama jambo hili lipo porini:
lipo. Njooni nyumbani, madaftari yako juu ya kabati,
yamefungwa kwa kamba ya katani, mende wamekula Agosti yote.
Sunu hajui kwamba ameitwa kutoa ushahidi.
Anakula, anakimbia, anampanda anayempanda,
mvua ikija anaupa mgongo upepo.

Na mnaouliza kama lipo kwa watu,
nilimpelekea swali hilo bibi Kabanyoro,
ambaye hasikii vizuri na hujibu anachotaka.
Alisema: "Walikuwepo.
Mmoja alinisukia mkeka wa harusi.
Sisi tulikosa tu neno la kuwatupia,
na neno likikosekana, mkono nao hukosa jiwe."
Kisha akaomba ugoro.

Sijui kama hilo ni jibu. Bwana wa utafiti
alirudi kwao zamani na jedwali zake safi,
na hakuna safu humo ya mlango wenye mkaa.
Mimi niliusugua ule mlango kwa majivu na sabuni ya mche.
Herufi mbili zimegoma kutoka.

Jana usiku baba aliwasha taa, akafungua daftari la nane,
lile ambalo halikuwahi kuona umande.
Akaandika tarehe. Akaandika saa.
Nilisoma kwa juu ya bega lake:

Araali hajaonekana. Siku ya arobaini na mbili.
Hakuna mvua.
Nyasi za duara lake bado hazijainuka.